Pua ya Mgeni

Katika mafundisho ya kipaimara tunawaambia watoto kwamba dhambi ya mauti inahitaji mambo matatu: jambo lenyewe liwe zito, mtu awe anajua analofanya, na akubali kulifanya kwa hiari yake. Karibu kila mwaka anatokea mtoto wa kuuliza: kama asiyejua hana dhambi, si afadhali kutokujua? Wapo makatekista wanaomwambia akae chini. Mimi ni katekista, na siku za kazi ni fundi wa malori hapa Dongobesh. Swali hilo naliona zito kuliko majibu mengi tunayolipa, kwa sababu nimekutana nalo chini ya magari.

Lori ninalolifikiria ni la kubebea mazao, kuukuu, la aina ile ambayo injini iko chini ya viti na kichwa chote huinuliwa kwenda mbele ukitaka kuifikia. Hushusha vitunguu saumu vya Mbulu hadi Babati, msimu wa ngano huenda Basotu, siku nyingine hupeleka mahindi na mbaazi Katesh. Dereva wake ni mzee wa umri wa baba yangu. Hakuja gereji kwa hiari yake, aliletwa na mke wake. Mama huyo alikuwa amepanda kutoka Haydom kwenda kumwona dada yake Katesh. Ilikuwa Julai, na baridi ya huku juu mnaijua. Vioo vilifungwa hadi mwisho. Kabla hawajafika Basotu kichwa kilikuwa kinampasuka, na gari liliposimama alishuka akatapika. Wakati wa kurudi alikataa kabini, akapanda nyuma juu ya magunia, akajifunika turubai katika baridi ile ile.

Nikamsalimia mzee shikamoo. Akaitikia, kisha akasema, "Mama yako huyu anadai gari linaingiza moshi. Mwanangu, moshi ungekuwepo ningeujua mimi. Si ndimi ninayeshinda humo?"

Mama hakupandisha sauti. "Mwulize kichwa chake kinamuuma siku gani," akaniambia, "na siku gani hakimuumi."

Nikamwuliza. Kichwa kilikuwa kinamuuma siku za safari. Akipumzika nyumbani, au gari likiwa limelala kwa ubovu, haumwi. Alikuwa anameza vidonge, anasema ni vumbi na uzee. Utingo wake, kijana asiyefika miaka 25, alikuwa pale akisikiliza. Akainamisha uso akasema kwamba na yeye ni hivyo hivyo. Hakuwahi kusema, maana mkubwa wake alikuwa hasemi.

Neno la mzee, kwamba angejua kwa kuwa ndiye anayeshinda humo, ndilo lililonikaa moyoni. Lina mantiki, tena kwa mambo mengi ni la kweli: anayeishi na gari hulijua kuliko fundi. Kwa harufu, hata hivyo, mambo ni kinyume. Pua huchoka na kitu kinachokaa mbele yake. Ukiingia nyumba ya jirani unasikia harufu ya nyumba ile tangu mlangoni, naye aliyezaliwa humo haisikii. Anayeshinda kwenye moshi ndiye wa mwisho kuujua, na anayepanda leo kwa mara ya kwanza anaujua kabla hajafunga mlango. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mke wa mzee alikuwa mgeni katika kabini ile.

Nikawaomba gari lilale. Moshi unaovuja kwenye manifodi hutafutwa asubuhi, injini ikiwa baridi. Chuma kikishapata moto hutanuka, mwanya hujibana na mlio hupungua. Fundi anayeletewa gari linalotoka njiani atatega sikio asisikie kitu, naye kwa nia njema kabisa atalirudisha kwa mwenyewe akisema liko sawa. Kulipopambazuka nilichuchumaa kwenye tairi la mbele, nikamwambia utingo apige stata. Ukaja mlio mkavu, tik tik tik, unaokwenda kasi kila alipokanyaga mafuta. Tukazima, tukainua kichwa. Kwenye silinda ya nyuma kabisa uso wa manifodi ulikuwa na masizi meusi makavu, yametapakaa kutoka kwenye kiungo kwenda nje. Studi moja ilikuwa imekatikia ndani ya silinda hedi, na gasketi ya pale imeungua ukingo hadi imebaki uzi. Nikapaka maji ya sabuni kwenye viungo vya bomba vilivyobaki. Utingo akaziba mdomo wa ekzosi kwa tambara, kwa sekunde chache tu, injini ikiwa imewashwa tena na kuzunguka taratibu. Povu likachemka pale bomba linapoingia kwenye sailensa.

Mafundi wengi huishia hapo, wakafunga gasketi mpya na kudai pesa yao. Mimi sikuridhika. Moshi ulio chini ya gari bado haujaingia kabini. Lazima umepata njia. Njia hizo hutafutwa gizani. Jioni tulirudisha kichwa chini, utingo akaketi ndani akajitanda blanketi lisilopitisha mwanga, nami nikalala chini kwenye udongo na tochi, nikaipitisha polepole upande hadi upande. Kijana alikuwa anatoa habari kwa sauti: "Nauona hapa kwenye klachi. Hapa kwenye gia mwanga mwingi, fundi. Subiri, rudi nyuma kidogo, chini ya kiti changu." Mpira wa shina la gia ulikuwa umechanika, na mtu aliyetangulia alikuwa ameufunga kwa kipande cha tyubu. Kulikuwa na tundu la waya wa redio, limetobolewa zamani bila kuwekewa mpira wowote. Chini ya kiti cha utingo bati lilikuwa limeliwa na kutu, na papo hapo mpira wa briza, ule unaotoa mvuke wa oili kutoka tumboni mwa injini, ulikuwa umekatika na unapuliza kuelekea juu. Kijana alikaa kimya muda kidogo alipojua kwamba tundu kubwa kuliko yote lilikuwa chini yake.

Matengenezo sitayaeleza kwa urefu. Studi ilitolewa kwa drili, manifodi ilipelekwa Babati kusawazishwa uso, gasketi na mipira ikawekwa mipya, bati likachomewa. La kukumbuka ni kwamba kuziba matundu bila kuzuia chanzo, au kuzuia chanzo bila kuziba matundu, ni kazi nusu. Tena kufungua kioo si dawa. Gari likiwa mwendoni, kioo kilichofunguliwa kidogo kinaweza kunyonya hewa ya ndani kwenda nje, na nafasi yake ikajazwa na ile inayopanda kutoka chini. Na mlima wa Dareda, ukipanda na mzigo kwa gia ya pili huku upepo unatoka nyuma, moshi wako mwenyewe unakufikia.

Dizeli ina hisani moja: moshi wake unanuka na unawasha macho. Ni mbaya. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka katika kundi la vitu vinavyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Ila angalau unabisha hodi. Ndani yake kuna kitu kingine kisichobisha, gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi, harufu wala ladha. Hutokea popote kitu kinapoungua bila hewa ya kutosha. Injini ya dizeli huitoa kidogo kuliko ya petroli, ingawa nozeli mbovu, ea klina iliyoziba na mzigo wa kupita kiasi huiongeza. Jiko la mkaa huitoa kwa wingi wa kutisha, na kila msimu wa baridi wapo watu nchini mwetu wanaoliingiza chumbani, wakafunga dirisha na kulala. Gesi hiyo hung'ang'ania himoglobini ya damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inazunguka kama kawaida, lakini haibebi inachopaswa kubeba.

Na kati ya viungo vya kwanza kuumia ni ubongo, yaani kile kile ambacho kingetambua hatari. Mtu hulegea, husinzia, huamua vibaya, na wakati huo huo hujiona yuko sawa. Mwanasayansi wa Uingereza John Scott Haldane alijua jambo hili mwilini mwake, maana miaka ya 1890 alikaa akaivuta gesi hiyo makusudi na kuandika ilivyomfanya. Ndiye aliyeshauri wachimba makaa ya mawe washuke shimoni na viumbe wadogo, panya au ndege aina ya kanari, ambao huzidiwa na gesi mapema kuliko binadamu. Migodi ya Uingereza iliendelea kutumia kanari hadi mwaka 1986. Wachimbaji wale walikuwa wanaume wenye uzoefu wa maisha yote, waliozijua kuta za shimo kuliko nyumba zao. Hata hivyo hawakuachiwa wapime hewa kwa hisia zao. Walipewa shahidi aliye nje yao.

Sasa narudi kwa mtoto wa kipaimara. Tunamfundisha kwamba Mungu ameweka dhamiri ndani ya kila mtu, na kwamba aifuate. Ni mafundisho sahihi. Lakini dhamiri ni kama pua ya yule mzee: inaweza kuzoea. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ambamo baba anampiga mama, au kwenye soko ambalo lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, ndiyo kipimo cha kumnunulia mkulima, anaweza kujichunguza kwa unyofu kabisa usiku kabla ya kulala na asikute kosa lolote. Hasemi uongo. Kipimo chake ndicho kilichozoea. Ukimwambia ajichunguze zaidi utakuwa umemwambia yule mzee avute pumzi zaidi.

Kanisa limeliona hili. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes iliyotangazwa tarehe 7 Desemba 1965, walifundisha kwamba dhamiri inaweza kukosea kwa kutojua kusikoepukika na bado isipoteze heshima yake. Papo hapo wakaongeza kwamba haiwi hivyo kwa mtu asiyejali kuutafuta ukweli, ambaye dhamiri yake imeingia upofu taratibu kwa mazoea ya dhambi. Karne saba kabla yao Mtakatifu Thoma wa Akwino alitenganisha vivyo hivyo: kosa linalotokana na kutojua halimwondolei mtu lawama ikiwa hakujua kwa uzembe, katika jambo alilopaswa kulijua. Kwa hiyo swali la haki halikomei kwenye kama ulijua. Linaendelea: uliuliza? Uliambiwa? Na ulipoambiwa, ulifanya nini?

Nikimpima mzee wangu kwa kipimo hicho, sioni hatia kwake kwa miaka ambayo pua yake ilikuwa imekufa na hakuna aliyemwambia. Lakini kichwa kinachouma kila siku ya safari na kupona kila siku ya nyumbani kilikuwa kinauliza swali, na swali lile lilistahili jibu zaidi ya kidonge. Siku mkewe alipotapika, kutojua kwake kulikwisha. Kama angeendesha wiki inayofuata bila kuja gereji, angekuwa mtu mwingine mbele ya Mungu, hata kama pua yake ingekuwa bado haisikii kitu. Alikuja. Alikuja akinung'unika, lakini alikuja, na mimi namhesabia hilo kuwa unyenyekevu mkubwa. Mwanaume wa rika lake kukubali pua ya mkewe kuliko yake mwenyewe, mbele ya utingo na fundi, si jambo dogo katika nchi yetu.

Kuna mlango mwingine wa kukwepa lawama ambao watu hukimbilia, na kwa kuutaja najua nitawaudhi baadhi ya waamini wenzangu. Dereva akisinzia gari likaacha njia, msibani tunasema kazi ya Mungu haina makosa, siku yake ilikuwa imefika. Ninajua maneno yale yanafariji, na mbele ya jeneza sitambishia mjane. Lakini baada ya matanga lazima tutenganishe mambo. Tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaangukia Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Aliyekuwa amelala nyumbani kwake asubuhi ile, mimi sina la kumwuliza. Mbele ya mlima ule naweza kunyamaza na kusali, nikamwachia Mungu nisichokielewa. Gasketi iliyoungua si mlima. Ina bei, ina duka, ina siku ambayo mtu aliambiwa ibadilishwe akasema tumalize msimu kwanza. Kuyatwisha mapenzi ya Mungu gasketi ya namna hiyo ni kumsingizia Mungu.

Wazee wetu wa Kiiraqw walikuwa na hekima fulani hapa ambayo sisi tulioshika Injili tuliidharau upesi mno. Nyumba iliyoguswa na kifo ilikaa kando na majirani kwa muda. Hakuna aliyemtuhumu mfiwa kwa nia mbaya. Alitengwa kwa sababu waliamini kwamba lililompata linaweza kuwafikia wengine bila yeye kukusudia. Sisi tuliofundishwa kuchunguza nia tukasema, hana dhambi, kwa nini akae kando? Simaanishi turudie kuwatenga wafiwa. Nasema wazee walijua kwamba madhara hayasubiri nia. Hata Torati ina sura nzima, Walawi sura ya 4, inayoeleza sadaka ya mtu aliyekosa bila kujua, anayoileta pale anapokuja kujulishwa kosa lake. Hakutukanwa kwa kutojua. Lakini alipojulishwa, hakuambiwa aende zake kwa kuwa hakukusudia.

Mtoto mjanja wa darasani anaweza kuniuliza kama basi hakuna atakayepata amani, ikiwa kila tundu lisiloonekana linaweza kuwa kosa. Wapo waamini wanaoishi hivyo, wanaorudi kuungama jambo lile lile, na nawahurumia. Hakuna anayedaiwa kujua matundu yote. Mzee hakudaiwa kulala chini ya gari na tochi. Hiyo ni kazi yangu, na ninalipwa kwa ajili yake. Alichodaiwa ni kusikia mtu anapomwambia, na kutomnyamazisha anayetaka kusema. Utingo alikuwa anaumwa kichwa siku zote zile na hakufungua mdomo kwa sababu ya heshima. Heshima ni jambo zuri, nami nimelelewa nayo, lakini ile inayomfanya kijana akalie tundu la moshi bila kusema, mkubwa ndiye anayepaswa kuivunja kwanza, kwa kumwuliza: wewe mwenzangu, unaonaje humu ndani?

Na juu ya dereva yuko tajiri, mwenye gari. Huyu ndiye ninayemkumbuka kila nikisoma maneno yale ya Mtaguso kuhusu mtu asiyejali kuutafuta ukweli. Dereva akisimamisha gari kwa ajili ya kichwa kinachouma, siku hiyo halipwi, na wapo wanaongoja nafasi yake. Tajiri anaishi mjini, hapandi kabini, hajui. Kutojua kwake hakukutokea kwa bahati mbaya. Kutojua huko amekulipia kwa kukaa mbali. Nimekwisha kupiga simu kwa matajiri wa namna hiyo kuwaeleza gasketi na briza, nikajibiwa kwamba gari linatembea, basi liache litembee. Watu hao husali, hutoa zaka, na nina hakika wakijichunguza hawakuti damu ya mtu mikononi mwao. Kwa kadiri ninavyoyaelewa mafundisho ya Kanisa langu, hao ndio wenye hatia kuliko mzee, kuliko utingo, na kuliko fundi aliyefunga tyubu kwenye mpira wa gia.

Kwa hiyo nawaomba nyinyi wenye malori wa Mbulu na Hanang, kabla ya mzigo ujao, pandeni wenyewe. Kaeni kiti cha utingo, vioo vimefungwa, kutoka Dareda mpaka Dongobesh, gari likiwa limejaa. Na ikiwa mna jiko la mkaa nyumbani, Julai ikifika litoeni nje kabla watoto hawajalala.